Chetezo cha Vigae

Chetezo hakikuwa kimetiwa kaa la moto hata mara moja, lakini asubuhi ile kilinuka udi. Waridi akakiinua, akatia kidole ndani. Mlikuwa na jivu, tena la vuguvugu.

"Zena, umechezea chetezo?"

"Sijakigusa, mama," akajibu binti yake. Katika uzazi wake wote, Mungu alikuwa amemwachia huyo tu.

Enzi hizo za Mwingereza, hapa Gerezani, nyuma ya karakana ya reli, hakuna aliyefinyanga vyetezo kama Waridi. Aliacha vishimo kwenye udongo mbichi, na akishachoma alivijaza chokaa, kisha akabandika alivyookota: vifungo vya shaba, nati za reli, vipande vya chupa, vigae vya sahani. Wake wa matajiri wa Kariakoo walivigombania. Hiki kimoja alikataa kukiuza. Vigae vyake vilikuwa vyeupe vyenye maua ya buluu, na alivipata njia panda kule Mchafukoge, kando ya kitambaa chekundu kilichofungiwa senti.

Mtu wa pwani haulizi hiyo ni nini. Pepo akishatolewa kwa mgonjwa huwekewa sahani yake njia panda, na apitaye hapo hageuzi shingo. Waridi naye alijua. Lakini jicho la fundi halina adabu. Alijiambia, senti sijagusa, nimechukua vigae tu. Watu tunavyojidanganya, utadhani na majini wamekubali.

Zena akaacha kula. Kwanza wali, halafu uji, mwisho hata maji. Alishinda amejikunja kando ya chetezo, ngozi ikimkauka na kugeuka rangi ya udongo, na kila alipojigeuza mkekani viungo vyake vilikwaruza kama chungu kinachoburutwa sakafuni. Waridi alimpaka mafuta, akamsomea kila aya aliyoijua, akalia mbele ya majirani bila kuona haya.

Ijumaa alasiri, jua bado kali, akaja Bi Amna, mganga wa pepo. Alimfunika Zena shuka jeupe, akamfukiza ubani.

"Nani wewe? Wataka nini?"

Sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa nzito na ya taratibu.

"Nilifukuzwa kwa watu, nikatupwa njiani, mvua ikaninyea. Huyu akaniokota. Akanijengea nyumba kwa mikono yake. Huyu ni mama yangu."

"Na mtoto huyu amekukosea nini?"

"Sitaki ndugu."

Bi Amna akamgeukia Waridi. "Kivunje, mwanangu," akanong'ona. "Wewe uliyekifinyanga."

Waridi akakigonga chetezo sakafuni. Ukingo ukamegeka, na papo hapo Zena akapiga yowe. Walipofunua shuka, shavu la mtoto lilikuwa na ufa. Halikutoka damu. Ndani ya ufa mlionekana weupe wenye buluu.

"Basi, usikivunje!" Bi Amna alikuwa ameshakusanya ubani wake. "Pepo ameshamuunganisha mtoto nacho. Mimi hapa sina dawa. Nisamehe, mwanangu." Akatoka mbio, makubadhi akayaacha mlangoni.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Waridi akapiga magoti.

"Kama mimi ni mama yako," akakiambia chetezo, "basi njoo kwa mama. Hiyo nyumba ni ndogo. Kaa kwangu, umwache Zena. Nakuomba."

Chetezo kikaanza kutoa moshi bila moto, moshi mzito wenye harufu ya udi na ya shimo lililofukuliwa baada ya mvua, ukatambaa sakafuni, ukamshika vifundo vya miguu, ukampanda magotini, tumboni, kifuani, na kila ulipopita alisikia mwili wake ukikwaruza ndani kwa ndani, naye alitaka kukimbia, alitaka kupiga kelele, lakini alimtazama mtoto wake akajikaza, akafungua kinywa mwenyewe ili uingie upesi.

Zena akavuta pumzi. Ufa ukajifunga. Rangi ikamrudia, akaketi.

"Mama, nina kiu."

Waridi alisikia. Furaha ilimjaa hata akahisi moyo utapasuka, na alitaka kuuendea mtungi, lakini mikono haikumtii.

"Mama?"

Kinywa chake kikafunguka chenyewe, taratibu, kwa sauti ile nzito.

"Usimwite hivyo. Ana mwana mmoja tu."