Nyumba ya Mama Philister na Hewa Isiyoonekana

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa Januari. Huko Blaine, kaskazini ya Minneapolis, Marekani, theluji ilifika magotini. Griffins alikuwa nje, akisafisha njia ya gari kwa sepeto. Aliporudi ndani alihisi upepo mkali usoni.

Alishuka ngazi mbio. Mama yake, Philister, alikuwa amefungua madirisha yote ya chini na mlango pia. Alikuwa amevaa koti na kofia ya sufu, akipiga deki.

"Mama! Unataka tugande kama samaki wa dukani?"

"Si mlisema kipimo cha serikali kinaanza leo?" Philister alisema. "Kitaikuta nyumba safi. Sitaki watu wa afya waseme mama yako ni mchafu."

Kipimo chenyewe kilikuwa kifuko kidogo cha karatasi cha kupimia hewa ya ndani ya nyumba. Muuguzi wa afya ya jamii alivigawa vifuko hivyo kanisani bila malipo. Mke wa Griffins, Maureen, alichukua kimoja, akakiweka mezani pamoja na maelezo yake, kisha akaenda kazini. Binti yao, Keziah, aliyasoma maelezo yale akamwambia bibi yake jambo kwa Kiingereza.

"Sema Kiswahili nikuelewe," Philister alimjibu.

Keziah alitafuta maneno, akayakosa. Aliinua mabega, akavaa vipokea sauti vyake masikioni.

Kifuko kikaning'inizwa. Kwa siku tatu Philister alifagia na kufungua madirisha kila asubuhi. Griffins alifunga kifuko katika bahasha, akakituma maabara.

Philister alikuwa amekuja kutoka Homa Bay mwishoni mwa Oktoba. Griffins hakuwa amemwona mama yake kwa miaka kumi na mmoja. Lakini kulikuwa na jambo moja. Kwa mila ya Wajaluo, mama halali katika nyumba ambayo mwanawe analala na mkewe. Philister hakutaka hata kulijadili.

Kwa hiyo, kabla mama hajafika, Griffins alitengeneza orofa ya chini, ile iliyo ndani ya ardhi, ambayo watu wa huku huiita besimenti. Kila alipotoka kazini uwanja wa ndege alipigilia mbao na kutandika zulia. Aliweka choo, jiko dogo, na mlango wa kutokea uani.

"Hii ni nyumba yako, Mama," alimwambia. "Sisi wa juu ni majirani tu."

Philister aliikagua yote, hata nyuma ya mlango. Ndipo akakubali kufungua sanduku lake.

Baada ya wiki mbili majibu yalirudi. Namba ilikuwa ndogo: moja nukta nne. Karatasi ilisema ikifika nne, nyumba itengenezwe.

"Nilisema!" Griffins alipiga meza. "Nyumba ni ya mwaka elfu mbili na kumi na nne. Hewa mbaya ni ya nyumba za zamani."

Maureen alikuwa mhudumu katika makao ya wazee huko Saint Louis Park. Siku iliyofuata alimhudumia Profesa Marjorie Trewin, Mwingereza wa miaka themanini na sita aliyehamia Minnesota kumfuata binti yake. Akiwa anamfunga vifungo vya sweta, Maureen alimsimulia habari njema.

"Mnaishi Blaine, mmepata moja nukta nne kwenye besimenti?" Profesa aliuliza. "Inawezekana. Madirisha yalikuwa yamefungwa?"

Maureen alicheka. "Hapana, Profesa. Mama mkwe wangu aliyafungua yote. Alikuwa anakisafishia kipimo nyumba."

Profesa hakucheka. "Basi mlipima hewa ya barabarani. Keti kidogo, Maureen. Sweta itangoja."

Maureen akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba yangu alichimba madini ya bati kule Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza," Profesa alianza. "Hakuvuta sigara hata siku moja. Alikufa kwa saratani ya mapafu akiwa na miaka hamsini na mmoja. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Daktari alisema hajui. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, 'Najua.'"

"Ndiyo maana ukasoma fizikia?"

"Ndiyo maana. Darasani tulikuwa wanafunzi tisini, wasichana watatu. Baadaye nilibeba mashine za kupimia hewa migodini, kisha majumbani. Tulikuwa tunatafuta gesi iitwayo radoni. Inatoka kwenye udongo na mawe. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inapanda kupitia nyufa za sakafu. Ikikwama ndani ya nyumba, unaivuta miaka na miaka. Huumwi kichwa, hukohoi. Siku unayougua, saratani imeshaanza."

"Mungu wangu! Na Minnesota iko?"

"Iko sana. Karibu nyumba mbili katika kila tano za jimbo hili zina radoni nyingi kupita kiasi. Wakati wa baridi tunajifungia, nayo inajifungia pamoja nasi."

Profesa alitazama mikono yake.

"Nilipofika miaka arobaini na minne walinifanya mkurugenzi wa maabara. Nikaacha mashine, nikashika kalamu. Watu hudhani mwanasayansi mkubwa ni yule anayegundua kitu. Mimi kwa miaka ishirini nilitafuta watu wazuri wa kazi, nikapanga safari zao, nikabishana na wakubwa, nikatia saini. Ni kazi muhimu pia. Saini ikikosea, watu wanaumia."

"Yako ilikosea?"

"Mara moja. Tulipeleka vipimo kijiji kimoja chenye nyumba mia moja na tatu. Majibu yalirudi mazuri mno. Nilishangaa kidogo. Lakini wakubwa walikuwa wanayasubiri, nami nilikuwa nimechoka. Nikatia saini kwamba kijiji ni salama. Mwaka uliofuata msichana wa maabara alikuja ofisini kwangu. Mama yake aliishi kijiji kile. Akaniambia, 'Barua yetu ilipofika, wanawake wote walipiga deki na kufungua madirisha. Waliona aibu kuwapokea watu wa serikali.'"

"Wazungu nao hufanya hivyo?"

"Wazungu hasa!" Sasa Profesa alicheka. Kisha akasema polepole, "Nilirudi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikaomba radhi. Tukapima upya, madirisha yamefungwa. Nyumba thelathini na saba zilikuwa na hewa mbaya. Zote zikatengenezwa. Nimepewa nishani kwa mambo mengine, Maureen, lakini kazi ninayoikumbuka ni ile ya kufuta saini yangu. Nenda kaifute yenu."

Jioni ile Maureen aliyasema yote mezani.

"Ajuza wa watu amekutia hofu tu," Griffins alisema. "Tumeshapima. Imetosha."

"Baba Keziah, unaogopa nini?"

Griffins alisukuma sahani. Philister alimtazama mwanawe, akajibu kwa niaba yake.

"Anaogopa namba ikiwa mbaya, mama yake hatakuwa na pa kulala. Na ni kweli. Huku juu silali. Nikikosa kule chini nitapanda ndege nirudi Homa Bay."

"Unaona sasa?" Griffins alimgeukia mkewe. "Ndiyo unachotaka?"

"Nataka aishi," Maureen alisema. "Hewa haitabadilika kwa sababu tumekataa kuipima."

Philister alimgeukia mwanawe.

"Griffins, nyumba umenijengea wewe. Basi nataka kujua kilichomo ndani yake. Keziah! Lete ile karatasi. Leo nisomee, hata kwa Kiswahili cha kuvunjika."

Keziah alisoma, akasimama, akatafuta neno, akaendelea, akimwita bibi yake kwa Kijaluo. "Dani, unafunga... madirisha yote, na milango ya nje, masaa kumi na mbili kabla. Na wakati wa kupima pia. Kipimo kinakaa chini, mahali mtu analala. Si jikoni, si bafuni. Si karibu na dirisha. Na si kwa sakafu. Unaweka juu kidogo, kama kiti."

"Na kufagia?"

"Fagia tu, Dani. Lakini usifungue!"

Walipima tena kwa siku nne. Philister alipita mlango wa ndani na kuufunga kila mara. Majibu yaliporudi, Griffins aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini. Kumi na moja nukta nane.

"Miezi mitatu," alisema. "Nimemlaza mama yangu humo miezi mitatu."

"Hukujua," Philister alimwambia. "Sasa unajua. Piga simu."

Siku hiyohiyo Philister alihamia kwa rafiki yake wa kanisani, Ernestine, anayeishi ghorofa ya tatu. Griffins naye alimpigia Gasto, fundi Mtanzania mwenye leseni ya kazi hiyo.

Gasto alikuja na tochi. Alipita kila kona, akagonga ubao mmoja karibu na ngazi.

"Kaka, humu umefunika nini?"

"Bomba la maji machafu."

"Si la maji. Hili linatoka chini ya sakafu linakwenda hadi juu ya paa. Nyumba mpya za hapa hujengwa nalo ili radoni itoke. Mara nyingine linatosha lenyewe. Kwako halitoshi. Tutaliwekea feni kule darini, iivute gesi chini ya sakafu na kuitupa juu ya paa. Nyufa nazo tutaziziba."

"Feni nitaiwasha saa ngapi?"

"Huizimi, kaka. Usiku na mchana, kiangazi na baridi. Kisha pima tena, na urudie kila baada ya miaka miwili. Usiniamini mimi. Amini kipimo."

Kazi ilichukua siku moja. Walipima tena, madirisha yamefungwa. Sifuri nukta tisa.

Maureen alimpelekea Profesa karatasi yenyewe. Profesa alivaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kama mkurugenzi.

"Mlifunga?"

"Tulifunga."

"Na kipimo kilikuwa wapi?"

"Kando ya kitanda chake, juu ya kiti."

Profesa aliirudisha karatasi. "Basi hii naweza kuitia saini," alisema, na macho yake yaling'aa.

Jumapili baada ya ibada Philister alisimama mbele ya kina mama. "Chukueni vipimo," aliwaambia. "Na msivisafishie nyumba kama mimi. Kipimo si mgeni. Kifungieni ndani kione mnavyoishi." Walicheka, lakini vifuko vyote vilichukuliwa. Ernestine alichukua kimoja cha dada yake.

Mchana huo Griffins alibeba sanduku la mama yake kuzunguka nyumba, juu ya theluji, hadi mlango wa uani. Philister alitangulia kuingia. Griffins akainua mguu amfuate.

"Wee! Unaingia tu?"

Griffins alisimama, mguu mmoja hewani.

"Rudi nje," Philister alisema, akimfungia mlango. "Hapa ni kwangu. Piga hodi kwanza."

Griffins aliweka sanduku kwenye theluji. Alipangusa macho kwa glavu yake, akacheka, kisha akagonga.

"Hodi, Mama."

"Karibu."