Maoni ya Mtazamaji Asiye na Jina

Kila Alhamisi Tamsin Ackroyd alirudi kutoka shuleni, akavua viatu vyake vyenye matope mlangoni na kuinjika chai ya Bibi Edie kabla hata hajavua koti. Mvua ya Rotherham, kaskazini mwa Uingereza, haikuwa na likizo. Mama yake, Lorna, alikuwa fundi wa vigae, na siku hiyo alijitahidi kutoka kazini mapema. Alipitia duka la kona kununua samaki na viazi vya kukaanga, kisha wote watatu wakajibanza kwenye kochi kutazama *Nyumba Chakavu*.

Hayo yalikuwa mashindano ya mafundi kwenye televisheni. Kila mshindani alikabidhiwa nyumba mbovu, na kila wiki alitengeneza chumba kimoja. Majaji walipita wakikagua, na aliyeshindwa alifungasha vifaa vyake akaenda zake. Mama alikuwa miongoni mwa washindani. Mwanzoni mtaa mzima ulimsifu, na Bibi Edie alitembea dukani kifua mbele kama yeye ndiye aliyeshika mwiko wa ufundi.

Halafu ikaja zamu ya bafu. Jaji aligusa ukuta wa Mama kwa kidole, vigae viwili vikabanduka na kuvunjika sakafuni. Kamera ikakaa usoni kwa Mama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakutolewa wiki hiyo, lakini watazamaji walikuwa wamekwisha kumtoa. Usiku uleule Tamsin alifungua ukurasa wa kipindi kwenye simu yake, mahali ambapo watu huandika maoni.

"Huyu mama akaoke mikate, vigae vimemshinda."

"Mbwa wangu anapanga vigae vizuri kuliko huyu."

"Fundi ni mzee Desmond peke yake. Wengine wanacheza tu."

Desmond Pickering alikuwa mpiga plasta kutoka mji jirani wa Barnsley, mzee mwenye mvi na maneno machache. Watazamaji walimpenda sana.

Shuleni, mvulana aitwaye Kieran alimngojea langoni. "Jamani mpisheni, huyu ukimgusa atabanduka!" Wenzake wakaangua kicheko.

"Mama, yale maoni huwa unayasoma?" Tamsin aliuliza jioni.

"Siyasomi, mwanangu. Watu wamechoka na kazi zao, wameketi, wanataka kusema chochote."

Lakini baadaye Tamsin alimwona jikoni amesimama na simu mkononi, macho mekundu, chai yake ikipoa.

Hapo ndipo alipopata wazo. Alifungua akaunti akajiita Fundi Mstaafu, akaandika: "Niliwahi kufanya kazi kwenye kipindi hiki. Kamera zikizimwa, Desmond anafanyiwa kazi na mafundi wa kituo cha televisheni. Ile plasta si yake. Nimeona kwa macho yangu."

Alidhani wangesoma watu wachache. Asubuhi maneno yake yalikuwa yamesambaa kila mahali. "Nilijua tu! Mzee kama yule nguvu anazitoa wapi?" "Mwizi mkubwa!" "Apokonywe nafasi!" Wengi wao ndio wale wale waliomsifu juma lililopita. Hakuna aliyekumbuka tena vigae vya Mama, na Tamsin alikwenda shule siku hiyo moyo ukiwa mwepesi.

Alhamisi iliyofuata Mama alitolewa. Tamsin aliruka kutoka kwenye kochi.

"Haiwezekani! Si watu wamemchoka Desmond? Kwa nini wasimtoe yeye?"

"Kaa chini," alisema Mama. "Haya yote yalirekodiwa wakati wa kiangazi. Nilitolewa zamani, ila niliahidi nisimwambie mtu, hata ninyi."

"Ina maana maoni ya watu hayabadilishi kitu?"

"Humo kipindini hayabadilishi. Huku nje ndiko yanakofanya kazi." Mama alishusha pumzi. "Desmond alinipigia simu leo. Wateja wake wamemkimbia. Mtu ameandika MWONGO kwa rangi kwenye gari lake la kazi. Anasema anaacha ufundi."

"Masikini," alisema Bibi Edie. "Watu wengine wana roho gani?"

Mama alikuwa akitazama televisheni, ingawa hakuonekana kuona kitu. "Siku ile ya bafu mashine yangu ya kukatia vigae ilikufa. Yeye ndiye aliyeniazima yake, akabaki nyuma na kazi yake mwenyewe. Hilo hawakulionyesha."

Tamsin aliweka viazi vyake chini. Alitaka kukaa kimya, na angeweza, kwa kuwa hakuna aliyemjua Fundi Mstaafu. Lakini machozi yalimtangulia.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyeandika."

Mama hakupiga kelele, na Tamsin aliona afadhali angepiga. Mama alizima televisheni, akamwambia Jumamosi avae vizuri, wangekwenda kwa Desmond.

Desmond aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko alivyoonekana kwenye televisheni. Gari lake lilikuwa limeoshwa na kusuguliwa, lakini herufi zile bado zilisomeka. Aliwakaribisha ndani, akawamiminia chai, akaketi akimsikiliza Tamsin mpaka mwisho.

"Mimi na wewe hatujawahi kuonana," alisema. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu. Walikuwa wanamcheka Mama."

"Basi ukaona wanicheke mimi."

Tamsin aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Mtoto aliyekuja mwenyewe mlangoni kwangu siwezi kumfukuza." Alizungusha kikombe mezani. "Lakini miiko yangu ya plasta nimekwisha kumpa mpwa wangu. Nikiingia nyumba ya mtu sasa, naona ananitazama mikono. Siwezi tena kufanya kazi hivyo."

"Desmond, watu wakijua ukweli watarudi," Mama alisema.

"Labda, Lorna," alijibu, kwa namna ya kumridhisha mgeni.

Jioni hiyo Tamsin aliandika tena, safari hii kwa jina lake kamili. Alieleza kwamba Fundi Mstaafu ni yeye, kwamba ana miaka kumi na miwili na hajawahi kukanyaga kwenye nyumba zile. Wenye kipindi walifuta uongo wake na kutangaza kwamba mzee Desmond alifanya kazi yake yote mwenyewe. Kwa upande huo jambo lilikwisha. Lakini tangazo lilisomwa na wachache, na waliojibu waliandika: "Mtoto katumwa huyo." "Wamemlipa." Desmond alitokea mshindi wa mashindano, na siku hiyo watu walimzomea mtandaoni. Simu yake ya kazi haikulia.

Jumatatu, Maisie, anayeketi dawati moja na Tamsin, alisema, "Yule mzee mwizi kashinda, umeona?"

"Si mwizi. Mimi ndiye niliyemsingizia."

Maisie alicheka. "Acha hizo! Kila mtu anajua aliiba."

Tamsin alirudi nyumbani akamkuta Mama akichanganya saruji uani. Alimsimulia, kisha akauliza, "Sasa kusema kweli kumesaidia nini?"

Mama aliweka mwiko chini.

"Kidogo sana, mwanangu. Sitakudanganya. Waliosema vigae vyangu vilibanduka walisema walichokiona. Iliniuma, lakini ni haki yao, na kazi yangu nitaisahihisha. Wewe ulisema umeona kitu ambacho hukukiona. Ukishamtwika mtu uongo, huna uwezo wa kuuita urudi, kwa kuwa sasa uko midomoni mwa watu usiowajua. Ndiyo maana mtu hufikiri kabla ya kuandika, siyo baada."

"Kwa hiyo niache tu?"

"Hapana. Kesho mwambie Maisie tena."

"Na asiponiamini?"

"Keshokutwa utamwambia tena," alisema Mama. "Na yeyote mwingine atakayelitaja jina la Desmond mbele yako, maisha yako yote."