Abiria wa Mbele Kidogo

Mimi siamini kitu nisichoweza kukifungua kwa spana. Ndivyo nilivyowajibu watu miaka yote, na ndiyo maana wananiita Mama Spana. Mtu akiniletea pikipiki akadai ina mkosi, namwambia haina mkosi, ina plagi mbovu. Siku hizi nikisikia maneno hayo nanyamaza, nafanya kazi yangu.

Jioni ile nilikuwa nafunga karakana. Ni chumba kimoja tu mbele ya nyumba yangu. Ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa chumba wanacholala wanangu. Jua limeshazama, nimeshanawa mikono, nimeshaanza kuingiza matairi ndani, mara mdogo wangu akafika na pikipiki yake. Huyu ndiye kitinda mimba kwetu, na kazi yake ni kubeba abiria.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Umesusa kula ili upendeze?"

Hakucheka. Yeye ambaye hucheka hata msibani.

"Nyuma inagonga," alisema. "Kila shimo, gu! Nadhani springi za shokapu zimekufa. Niwekee nene kidogo."

Nilimwambia angoje hadi asubuhi. Akatikisa kichwa. Nikamwangalia macho yake, nikawasha taa.

Kubadili springi za nyuma si kazi ya kumtoa mtu jasho. Unapandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, unafungua boliti mbili kila upande, shokapu zinatoka. Lakini pikipiki ile ilikataa kupanda. Nilivuta mara ya kwanza, ikagoma. Nikavuta mara ya pili kwa nguvu zangu zote, ikapanda, na bado gurudumu la nyuma likabaki limegusa sakafu. La mbele ndilo lililoinuka.

"Umebeba nini humu, saruji?"

"Sijabeba kitu, dada."

Nikalaani stendi iliyopinda, nikasukumiza gogo chini ya fremu, nikaendelea. Fundi hakosi cha kulaumu.

Nilitoa shokapu, nikabana springi kwa kibano, nikazifungua. Nikazisimamisha mezani kando ya mpya za aina ileile. Springi iliyochoka huwa fupi, inajionyesha yenyewe. Hizi zilikuwa sawa na mpya, urefu mmoja. Hazikuwa na kosa lolote.

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza. Badala yake nikafanya kile tunachofanya mafundi wote mteja akilalamika na kifaa kikionekana kizima. Nikaweka kikubwa zaidi. Nilikuwa na jozi ya springi nene, za pikipiki ya kubeba mizigo. Nikazifunga.

Ukishafunga springi mpya, lazima upime. Nilichora alama ya chaki kwenye fremu, nikashika rula, nikaishusha pikipiki chini. Dereva akikaa, nyuma inatakiwa kushuka sentimita tatu hivi. Ikizidi hapo, unakaza pete iliyo chini ya springi.

"Kaa. Egemea ukuta kwa mkono, miguu juu."

Akakaa.

Kwiiik...

Sentimita sita.

Nilipima tena. Sita. Kwa springi za mizigo, na kijana mwembamba kama ufagio.

"Shuka."

Akashuka. Nyuma ikapanda kidogo, ikasimama kwenye nne. Nikangoja ipande yote. Haikupanda. Pikipiki ilisimama pale, haina mtu, imeinama nyuma. Halafu nikaona sponji ya kiti cha abiria.

Ilikuwa imebonyea.

Nikasikia harufu ya mchanga mbichi, wa kuchimbwa sasa hivi. Kwenye karakana yangu, inayonuka oili tangu niifungue.

"Mdogo wangu..." Sauti yangu sikuitambua. "Mara ya mwisho ulimpakia nani?"

Alikaa chini kwenye tairi. Akaongea kwa kunong'ona, mgongo akiwa ameigeuzia pikipiki.

"Wiki tatu sasa. Jioni kama hii, mvua inanyesha. Kuna mtu alinisimamisha pale kwenye machimbo ya mchanga, yale yaliyofungwa. Amejifunika turubai hadi usoni. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema mbele kidogo."

"Halafu?"

"Nikaenda. Nikamuuliza tena. Mbele kidogo. Tukapita mji wote, dada. Mbele kidogo, mbele kidogo... mpaka lami ikaisha. Nikageuka kumwambia sasa basi. Hakukuwa na mtu. Lakini uzito haukushuka."

Ningependa kusema nilimcheka. Nilisogea nikasimama karibu naye, basi.

"Mwambie mmefika," nilimnong'oneza. "Si ndivyo mnavyosema nyie? Abiria anashuka dereva akisema tumefika. Mwambie, aende zake."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, mwepesi.

"Na nikisema, atashukia wapi, dada?"

Nyuma ya ukuta nilisikia wanangu wanagombania blanketi.

"Nilitaka kusema nikiwa kwangu, nikaogopa, jirani ana mtoto mchanga. Nikataka kusema barabarani, nikawaza, atakayepita je?" Akafuta uso. "Acha nikae naye. Ila kaza hizo springi. Kaza mpaka nisimsikie uzito. Nikiwa simsikii naweza kulala, nitafanya kazi, nitakula."

Nilimpenda usiku na mchana mtoto huyu, na sikuwa na kingine cha kumpa. Nilikaza pete hadi mwisho. Nikakata vipande vya bomba nene, nikavitia juu ya springi ili zibanwe zaidi. Nilifanya kazi nzuri. Naweza kuapa, sijawahi kufunga shokapu vizuri kama zile. Nilipomkalisha tena, rula ikasoma tatu.

"Simsikii," alisema. Akalia, halafu akacheka. "Dada, simsikii kabisa!"

Akaondoka ameketi wima.

Nilijiambia nimemsaidia. Kwa siku kadhaa nilimwona anapita, anapiga honi, anapunga mkono. Watu wakaniambia mdogo wako sasa anaendesha kwa raha, anatelezea mashimo utafikiri hayapo. Mmoja akaongeza, bila kufikiri, kwamba sikio lake huwa limeinamia nyuma, kama anasimuliwa jambo.

Akarudi baada ya wiki mbili. Jua linazama tena.

"Shikamoo, dada. Inagonga." Alikuwa anatabasamu. Mashavu yameingia ndani, lakini macho yanang'aa. "Niongezee kidogo tu."

"Bado yupo?"

"Ametulia. Hanisumbui. Tunaongea kidogo, njiani."

Sikutaka kujua wanaongea nini. Nikachukua rula. Pikipiki ilisimama yenyewe karibu na ukuta, imekaa chini nyuma. Nikapima bila mtu. Sita. Springi za mizigo, pete imekazwa hadi mwisho, na vipande vya bomba juu yake.

"Haya, panda."

Akapanda. Akaegemea ukuta, akainua miguu yote miwili. Nikapiga magoti na rula yangu, nikangoja ule mlio wa springi.

Kimya.

Nikasogeza taa. Nikaweka jicho kwenye alama ya chaki.

Sita.

Haikushuka hata unywele.

"Umekaa?"

"Nimekaa, dada. Si unaniona?"

Nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa, na shati lake la bluu, na kovu la kidevuni. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, kutwa nzima, mama akiwa kazini. Alikuwa mzito, mgongo ukiniuma namshusha namkemea, akilia nampandisha tena. Uzito wa mtoto yule naujua kuliko jina langu. Nikaweka kiganja kwenye kiti, chini ya paja lake, pale sponji inapopaswa kulala.

Ilikuwa imesimama, kama ya dukani.

Nyuma yake kiti cha abiria kilikuwa kimebonyea hadi kwenye chuma. Nikakigusa. Kilikuwa na joto la mtu.

"Imeshuka ngapi?" mdogo wangu aliniuliza.

Mimi ninayemwambia kila mtu ukweli usoni, nilifuta rula kwenye gauni langu.

"Tatu," nikamwambia. "Iko sawa, baba. Iko sawa kabisa."

Akashukuru. Kutoka nyuma yake, karibu sana na shingo yake, mtu mwingine akashukuru pia.