Deni Lililosamehewa Msikitini

Mwanvua alikuwa anakoroga uji wa watoto. Uji ulikuwa mwepesi, tena bila sukari. Mumewe, Seifu, alikaa mlangoni na mikono yake safi. Fundi wa magari mwenye mikono safi ana msiba, na wakati ule wa vita mtaa wa Buyenzi ulijaa misiba ya namna hiyo.

Seifu alikuwa fundi wa kampuni ya malori. Malori yakachomwa moto barabarani. Kampuni ikafa, na mishahara ya mafundi na madereva haikulipwa. Mahakama ikaweka mfilisi, yaani mtu wa kukusanya mali ya kampuni iliyokufa na kuwagawia wanaoidai.

Tajiri Uthmani alikuwa na deni kubwa kwa kampuni hiyo. Ilimbebea simenti kwa miaka mingi, na hakulipa; mishahara ile ingetoka kwenye deni hilo. Sasa alikuwa amepatana na mfilisi alipe robo tu, deni lililobaki lifutwe. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, aliwaita mafundi wa Buyenzi kwenye baraza ya msikiti, akawaomba wamsamehe. Wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Kila mmoja akapewa mfuko wa sukari.

Mfuko wa Seifu ulikuwa juu ya kabati. Mwanvua alikataa kuufungua.

"Umemusamehe kweli?" aliuliza.

"Nimemusamehe, mama Lubna. Vita iko. Robo ni afadhali kuliko bure."

"Na Dative?"

Seifu aligeukia barabara. Dative alikuwa mjane wa Méthode, dereva aliyeuawa ndani ya lori lake. Aliishi Kanyosha, upande wa kusini wa mji, na watoto wadogo. Mshahara wa marehemu ulikuwa ndani ya deni lile lile. Kwa robo, Dative asingepata hata gunia la maharagwe. Wala hakuna aliyemwambia neno. Siku zile watu waliogopa kuvuka mji.

Jirani yao Léocadie aliingia kuomba makaa ya moto. Zamani alikuwa karani wa mahakama. Aliona nyuso zao, akaketi. Mwanvua akamweleza yote.

"Baba Lubna, nani alikwambia imekwisha?" Léocadie aliuliza.

"Tulisoma Fatiha, mama. Mi nitarudi nyuma mbele ya Mungu?"

"We ulisamehe cha kwako. Cha Dative ulikisamehe kwa kinywa cha nani?"

Seifu aliinamisha kichwa. Maneno yalimchoma.

"Sikiliza," Léocadie alisema kwa upole. "Mufilisi hawezi kufuta deni yeye peke yake. Zile franga za deni si zake, ni za wote wanaoidai kampuni. Lazima apeleke mapatano kwa hakimu. Hakimu anauliza: huyu tajiri kweli ameshindwa kulipa? Wadai wote wamesikilizwa? Akiona si haki, anakataa. Lakini mukikaa nyumbani, atafikiri mumekubali wote."

"Na siku ya kusikilizwa?"

"Wameibandika kwenye mulango wa mahakama. Ni Jumatatu."

Mwanvua alishusha mfuko kutoka kabatini. "Anza na kurudisha hii," alisema.

Uthmani alipokea sukari yake bila kujibu salamu. Jumapili Seifu alikwenda Kanyosha kwa miguu, akipita kwenye vizuizi vya askari. Dative alisita kufungua mlango. Alipofungua, Seifu alimweleza kosa lake lote. Dative alilia.

"Méthode alikuita ndugu," alisema. Kisha akachukua kitenge chake, akawapeleka watoto kwa jirani. Usiku huo alilala kwa Mwanvua.

Jumatatu hakimu alimuuliza mfilisi: "Wafanyakazi wote wamekubali?"

"Wote," mfilisi alijibu.

Dative alisimama. "Mi apana. Hakuna mutu aliyeniuliza."

Seifu naye akasimama. "Mi nilikubali, lakini sikuwa na haki ya kukubali kwa ajili ya huyu mama. Tena Uthmani anajenga gorofa. Mutu anayejenga gorofa hajashindwa kulipa."

Hakimu alikataa kuidhinisha mapatano yale. Alimwamuru mfilisi apatane upya, na awasikilize wadai wote. Dative akarudi Kanyosha kungoja. Baada ya miezi mingi yakaja mapatano mengine: Uthmani atalipa robo tatu, kidogo kidogo. Safari hii hakimu aliidhinisha. Mafundi wakaanza kupokea mafungu yao, na uji wa Mwanvua ukawa mzito.

Seifu alikwenda tena Kanyosha, mbio, kumpa Dative habari. Alikuta kuta nyeusi. Mapigano yalikuwa yamepita hapo, na watu wote walikuwa wamekimbia. Aliita jina lake, akaita na majina ya watoto. Hakuna aliyeitika. Seifu alikaa chini kwenye majivu akalia, mtu mzima yule.

Fungu la Dative limewekwa mahakamani kwa jina lake. Hakuna mtu anayeweza kulisamehe kwa niaba yake. Kila mtu anayekuja Buyenzi kutoka kusini, Seifu humuuliza kama amemwona mjane mmoja mwenye watoto wadogo.