Shati Lililotiwa Wanga

Mtaani kwetu kuna mama mmoja tunamwita Kengele. Kila asubuhi anatoka na baiskeli yake akipiga kengele kuanzia mlangoni kwake mpaka barabara kubwa, na aliyelala huamka, atake asitake. Jina hilo analipenda. Baiskeli yenyewe anaipenda zaidi.

Kengele anafanya kazi mapokezi, kwenye ofisi ya maji. Wateja wakiingia, yeye ndiye wa kwanza kuwaona. Wengine huja wamefura kwa hasira kwa sababu bomba ni kavu. Kengele anawakalisha, anawasikiliza, na wanatoka wamepoa. Kazi anaiweza, hata meneja anajua. Lakini wakati ule alikuwa bado kwenye majaribio. Kiti cha mapokezi kilikuwa hakijawa chake.

Shida ilikuwa nguo.

Nyumbani anayepiga pasi ni mumewe, na bwana huyo anapenda sifa. Kwake yeye, nguo isiyotiwa wanga ni tambara. Anakoroga wanga kwenye beseni, anachovya shati la mkewe, anaanika, kisha anapiga pasi mpaka shati linataka kusimama lenyewe. Kengele anatoka nyumbani anang'aa. Katikati ya safari jua linapanda, jasho linaanza. Sasa jamani, wanga na jasho vikikutana vinakuwa nini? Vinakuwa gundi. Shati linamganda mgongoni, na likikauka linaacha ramani nyeupe. Karani wa masijala, mwenzake mwenye mdomo, kila siku alimuuliza leo amechora nchi gani.

Sketi nayo ilikuwa ndefu na pana. Alhamisi moja ikaingia kwenye mnyororo. Kengele alivuta, ikachanika. Alifika ofisini amechelewa, pindo linaning'inia, grisi mpaka gotini. Na siku hiyo mapokezini palijaa watu.

Meneja alimwita ndani, akafunga mlango. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba Jumatatu wanakuja wageni kutoka makao makuu, na atakayewapokea ni karani wa masijala.

"Kazi yako ni nzuri," alisema. "Lakini mtu anaanza kuiona ofisi yetu kwako. Ukija hivi tena, nitakurudisha stoo."

Stoo ni chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Kimejaa mita mbovu na vumbi. Kengele alianzia kazi humo, na aliapa hatarudi. Jioni ile alirudi nyumbani akiikokota baiskeli, machozi yakimtoka.

Mumewe alimshauri aiache baiskeli, apande basi kama wengine. Kengele alikataa katakata. Basi la njia ile lilikuwa halina saa maalumu, na baiskeli ilimfikisha popote.

"Basi niongeze wanga," mumewe akasema.

Kengele akavuka ua, akabisha kwa jirani.

Jirani yao ni muuguzi. Huwatembelea wagonjwa majumbani kwa baiskeli, na hufika safi utadhani ndio kwanza anatoka kuoga. Miaka yote walisalimiana tu, wala Kengele hakuwahi kumuuliza anafanyaje. Jioni hiyo aliuliza. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo habari ya ramani, kisha akamwambia alete nguo zake zote za kazi, na baiskeli pia.

"Ya nini baiskeli, dada?"

"Mdogo wangu, wewe unachagua nguo umesimama mbele ya kioo. Njiani husimami. Chagua nguo ukiwa umekaa kwenye baiskeli."

Basi waliiegemeza baiskeli ukutani, Kengele akawa anajaribu nguo moja moja. Koti lake zuri lilimbana mabegani aliposhika usukani. Sketi ya kubana haikuruhusu goti kupanda. Blauzi fupi ilimwacha mgongo wazi alipoinama. Mumewe alisimama mlangoni akicheka, mpaka muuguzi akamwamuru ashike baiskeli isianguke.

Muuguzi alieleza taratibu. Nguo ya nailoni hufungia jasho ndani, pamba nyepesi hupitisha hewa. Rangi ya kijivu na bluu ya mbingu huonyesha jasho haraka, lakini bluu nzito au kitambaa cha maua huficha. Suruali iwe na nafasi kwenye mapaja na magoti, na chini iwe nyembamba. Anayependa sketi avae inayopita goti kidogo, isiwe pana wala ya kubana. Mguu wa upande wa mnyororo ufungwe kwa mkanda unaong'aa, ili nguo isinaswe na mnyororo, nao madereva wamwone.

"Na wanga je?" mumewe aliuliza.

"Wanga weka kwenye kitambaa cha meza, shemeji."

Jambo lililomfurahisha Kengele zaidi ni kwamba si lazima avae kila kitu njiani. Aendeshe amevaa fulana nyepesi. Blauzi aiviringishe, aiweke kwenye mfuko juu ya keria, kwa sababu mfuko wa mgongoni huleta jasho. Koti na viatu vya ofisi vibaki ofisini. Atoke mapema, apunguze mwendo akikaribia ili mwili upoe, kisha ajifute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kubadili.

Nguo nyingi zilikuwa tayari kabatini kwake. Suruali ya bluu nzito ilipelekwa kwa fundi, ikapunguzwa chini. Mumewe, kwa aibu ya wanga, alifunga kifuniko cha mnyororo na madigadi mapya, vile vibati vya juu ya gurudumu vinavyozuia tope.

Jumatatu ikafika. Kengele alipoingia barabara kubwa, alikuta maji yametapakaa. Bomba la ofisi yao wenyewe lilikuwa limepasuka, na magari hayaendi mbele wala nyuma. Ndani ya basi moja alimwona karani wa masijala, uso umebandikwa dirishani. Kengele alipiga simu kwa mafundi wa mabomba, akawaeleza mahali penyewe. Kisha akashuka, akaisukuma baiskeli pembeni mwa tope, akapanda tena.

Ofisini hakukuwa na mtu ila mlinzi. Alijifuta, akavaa blauzi ya maua, koti na viatu. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa meneja, amekwama kwenye foleni.

"Nani yuko hapo?"

"Mimi, bosi."

"Uko vipi?"

"Niko tayari," alisema Kengele.

Wageni walikuwa wamelala nyumba ya wageni iliyo jirani, wakaja kwa miguu. Mkubwa wao aliuliza kwa ukali inakuwaje barabara ina maji mengi kuliko mabomba. Kengele alimjibu kwamba amepita pale mwenyewe, amepaona palipopasuka, na mafundi wameshaanza kazi. Akawakaribisha chai. Mkubwa akalegea, akacheka.

Meneja alifika baadaye, viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Alisimama mlangoni akimtazama Kengele kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mkubwa wa wageni akamwambia kuwa amepata mtu wa mapokezi, asimpoteze.

"Simpotezi," meneja alisema mbele ya wote. "Kiti hicho ni chake kuanzia leo."

Nyuma yake aliingia karani wa masijala. Aliteleza njiani, na mgongo wake wote ulikuwa tope.

"Karibu, kaka," Kengele alimwambia kwa upole. "Leo umechora nchi gani?"

Jioni alipiga kengele kuanzia barabara kubwa mpaka mlangoni kwake, bila kupumzika. Mumewe alitoka mbio, na kabla mkewe hajafungua mdomo, alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele.