Sauti Iliyomjibu Mzee

Tupokigwe alikuwa amefuata sabuni ya nepi tu pale sokoni Mpuguso, mwanawe Amoni mgongoni, wingu limeshuka, watu wanafunga meza zao. Uso ulimjaa chunusi za mawazo: mtoto halali usiku, mume yuko Tunduma hapigi simu, mama mkwe kaenda msibani Masukulu.

"Huo uso una maneno mengi, mdogo wangu."

Mwanamke asiyemjua, kajifunika kanga mpaka puani. Akamtia mkononi kichupa cha kudondoshea. "Seramu, dawa ya uso. Matone mawili. Uso utatulia."

"Bei gani, dada?"

"Jaribu kwanza. Ikikukubali, nitakuja mwenyewe."

Nyumbani alimlaza mtoto, akaketi kigodani, akapaka. Ubaridi mtamu... ukashuka mashavuni, ukashika taya, ukafika kooni. Kisha harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Akataka kufuta. Mkono haukuinuka.

Mdomo nao. Miguu nayo. Macho tu ndiyo yalibaki hai, yakitazama mlango ukisukumwa... krrrii. Kanga ile ile. Mwanamke hakumtupia hata jicho. Alikwenda kitandani moja kwa moja, akamwinua Amoni.

Amoni akapiga yowe.

Nje, mtu akakohoa. Baba mkwe! Mzee Andongwisye alikuwa migombani akikata majani ya ng'ombe. Moyo wa Tupokigwe ukaruka, kisha ukaanguka. Mzee haingii nyumba ya mkwewe. Tangu aolewe hawajatazamana wala kusemeshana, ndiyo heshima ya kwao. Akiwa na neno, mzee humwambia mjukuu, na Tupokigwe hujibu kwa kugonga sufuria.

"Amoni! Kelele za nini, bwana mkubwa? Mama yako kakunyima ziwa?"

Gonga sufuria. Gonga, jamani, gonga! Kidole kikagoma.

Mwanamke akafungua kinywa. Iliyotoka ni sauti ya Tupokigwe, yake kabisa, na kimafua chake.

"Analilia usingizi tu, baba. Nenda."



Majani yakaacha kuchakarika.

"Mkwe wangu," mzee alisema polepole, "hanisemeshi."

Mlango ukapigwa teke. Mzee aliingia kafumba macho, panga mbele, akilifyeka giza. Kanga ikaanguka sakafuni, tupu. Akapapasa kitandani, akamshika mtoto, akamweka mapajani mwa mama yake, akatoka bila kufumbua.

"Amoni," sauti yake ilitetemeka nje, "mwambie mama yako asifungue mlango mpaka bibi yako arudi."

Uso ukalegea. Mikono ikarudi. Tupokigwe akamkumbatia mwanawe, akafungua kinywa amwite jina...

Pumzi tu.

Akajaribu tena. Pumzi.

Chini kule migombani, sauti yake mwenyewe ikaita, laini, yenye mapenzi: "Amoni... njoo kwa mama."

Mtoto akageuza shingo. Akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili dirishani.