Nakala ya Chini

Kwanza yalikuwa mate.

Bi Prufu alifunua skana asubuhi na mapema, akakuta kioo kimelowa. Maji hayavutiki, lakini kitu hiki kilivutika kama ute wa bamia. Kilimfuata kidole hadi usawa wa pua, nacho kilinuka gundi iliyooza pamoja na kinywa cha mtu aliyeamka na njaa. Alikipangusa kwenye sketi, halafu akaichukia sketi yenyewe.

"Nani amekula juu ya skana?" aliuliza.

Ofisi ilikuwa na watu wanne tu, na wengine watatu walimtazama kana kwamba amewatusi.

Kwa miaka sabini Gazeti Rasmi la serikali lilichapwa katika chumba hicho hicho. Aliyeteuliwa cheo, aliyebadili jina, aliyefilisika, aliyekufa akaacha nyumba, wote walipitia humo, na asiyepitia humo serikali haimjui hata akiipigia magoti. Bi Prufu alikuwa amelisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, akisaka makosa kabla halijatoka, miaka kumi na tisa. Ndipo akaja Mkurugenzi mpya, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akasema karatasi ni uchafu na kuanzia sasa Gazeti litasomwa mtandaoni. Mtambo wa kuchapa ukakatwakatwa, ukauzwa kama chuma chakavu. Shimo lililokuwa chini yake likafunikwa kwa vigae vyeupe, na juu ya vigae ikawekwa seva, ikinguruma mchana kutwa.

Bi Prufu hakupinga. Tena alikuwa na haraka kuliko Mkurugenzi. Dada yake alifariki akamwachia mtoto wa miaka sita, msichana mwenye alama nyeusi shavuni, kwa hiyo wakamwita Kidoti. Mahakama ilishatoa amri kwamba mtoto awe wake, lakini haina nguvu mpaka itangazwe kwenye Gazeti. Bila tangazo, watu wa ustawi wa jamii walishasema, kwa upole wao ule wa kukera, kwamba watamchukua Kidoti wampeleke kituoni. Na tangazo lilikuwa limepangwa kwenye toleo la kwanza la mtandaoni.

Siku ya tatu yakaja matonge. Yalikuwa nyuma ya seva, saizi ya ngumi ya mtoto, ya karatasi iliyotafunwa ikatemwa, kijivu, bado ya vuguvugu. Mkurugenzi alilisukuma moja kwa ncha ya kiatu kile cha kung'aa, likapasuka, ndani mkawa na nywele. Jamani, nywele! Nyeusi na nyeupe na za rangi ya hina, zimesukwa na mate.

"Panya," alisema Mkurugenzi, amejiziba pua.

"Panya wa wapi ana nywele za hina, bosi?" alinong'ona Bi Prufu.

Siku ya nne wakatengeneza toleo la majaribio, lenye tangazo moja tu: uteuzi wa Mkurugenzi mwenyewe. Wote wanne wakalifungua, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Jina lake lilikuwepo, kisha likaanza kufifia kwenye vioo vyote vinne, herufi baada ya herufi, mahali pake pakibaki doa la unyevu. Mkurugenzi alifungua mdomo kulalamika, na badala ya neno likatoka tonge. Liliangukia mezani, chwaa, likafuatwa na la pili, na alipokwisha kutapika la nne akabaki akitokwa na udenda hadi kwenye tai, macho yamemtoka, na wenzake walipotaka kumwita kwa jina wakagundua, kwa hofu iliyowagandisha midomo, kwamba hakuna hata mmoja aliyelikumbuka, wala yeye mwenyewe.

Bi Prufu hakungoja gari la wagonjwa. Alikwenda mbio kwa Mzee Risasi, fundi wa mtambo aliyestaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ujana wake wote aliumaliza akipanga herufi za madini ya risasi. Alimkuta uani akishona kiatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona unanuka gundi?"

Alimweleza. Mzee akaiweka sindano chini taratibu.

"Nakala ya chini," alisema. "Mmempa?"

"Kumpa nani?"

"Nyie wasomaji mlikaa juu, mtajuaje ya chini! Kila toleo, nakala ya kwanza kutoka mtamboni, kabla haijaguswa na msomaji, tuliikunja mara nne tukamtupia mtu wa chini, shimoni. Niliyemkuta kazini alifanya hivyo, na aliyemfundisha yeye pia. Nakala ambayo haijaguswa ni yake. Akishapata hiyo, zilizobaki ni zetu."

"Na asipopata?"

"Anafuata jina lenyewe."

"Analifuata wapi, mzee?"

Mzee Risasi alimtazama kwa huruma. "Kwa mwenye nalo."

Siku ya kuchapisha walirudi wote wawili. Bi Prufu alitoa toleo zima kwenye printa, akalishika kwa kitambaa asilisome, ingawa alitamani kuona jina la mtoto wake. Mzee akaing'oa seva mahali pake, akabandua kigae kwa bisibisi. Harufu iliyopanda ilikuwa haina adabu hata kidogo: makamasi, mafuta ya mashine, karatasi za miaka sabini zikichachuka tumboni mwa kitu kisichokunya. Bi Prufu alitapika kwenye kapu la takataka, akajifuta, akarudi. Mtoto ni mtoto.

Alitupa nakala. Haikufika chini, kwa maana kutoka gizani ulipanda ulimi mnene kama mkono wa mwanamume, mweusi kwa wino, umejaa chunusi ambazo, alipoinama kutazama kwa ujinga wa hofu, aliziona ni herufi, herufi ndogo za kuchapia zilizoota nyamani zikitoa usaha, nao ukaifunika karatasi polepole, kwa utamu, ukiilamba pembe hadi pembe kabla ya kuivuta shimoni. Pakafuata mlio wa kutafuna, kisha mtu wa chini akacheua.

"Ameshiba," alinong'ona Mzee Risasi. "Rudisha kigae, haraka."

Na kweli, saa ile ile ikaja simu kutoka hospitali. Mkurugenzi amelikumbuka jina lake na anaomba chai. Bi Prufu alilia kwa furaha. Seva ikarudishwa mahali pake, akabonyeza kitufe, toleo likapanda mtandaoni, tangazo la Kidoti ukurasa wa tatu. Alilituma kwenye kundi la familia kwa maneno haya: "Sasa ni wangu kisheria. Jioneeni wenyewe!"

Mlangoni Mzee Risasi alisita.

"Binti, nina swali la mtu wa kizamani. Huko mtandaoni nakala ni ngapi?"

"Ni moja tu, mzee. Kila anayefungua anapata yake."

"Mpya?"

"Mpya."

"Isiyoguswa na mtu?"

Bi Prufu alimsukuma kando akapita. Kisha akakimbia hadi nyumbani.

Kidoti alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, kidevu kimelowa.

"Mama mdogo," alisema, "kuna kitu kooni."

Bi Prufu alimpakata, akamwingiza kidole kinywani, akagusa ncha ya karatasi. Akavuta. Ikaja utepe mrefu, umelowa, wa vuguvugu, na juu yake kwa herufi za risasi jina la mtoto limechapwa, na tena, na tena. Akavuta kwa mikono miwili, huku mtoto akikukurika na udenda ukimchuruzika Bi Prufu hadi viwikoni. Wale wa matangazo mengine shauri yao, yeye alikuwa na huyu mmoja. Ukaisha. Mtoto akavuta pumzi.

Simu ikalia. Kaka yake mkubwa ameandika: "Nimefungua, nimeliona! Hongera!" Kidoti akakabwa tena.

Akavuta. Simu ikalia. Shangazi. Akavuta. Binamu. Kila hongera ilikuja na utepe wake, na kila utepe ulipotoka Bi Prufu alijaribu kumwita mtoto kwa jina lake kamili, akaona limepungua herufi moja mdomoni mwake.

Kwa vidole vilivyojaa ute akaandika kwenye kundi: "Msifungue! Nawaomba, mtu yeyote asilifungue!"

Kidoti akapumua mara mbili.

Kisha wakajibu wote kwa pamoja, ndugu ishirini na saba.

"Kwani lina nini? Ngoja nione."